Kilichomo Ndani ya Fuvu
Hotuba kwa madereva wa bodaboda na familia zao, Morogoro

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Na wale wa "mambo vipi", poa.

Mwenyekiti wa umoja, viongozi wa vijiwe, mama zangu, dada zangu, na ninyi vijana mliojipanga karibu na mlango ili mzione pikipiki zenu: asanteni kwa kunialika. Mwenyekiti aliniomba nije niwahimize kuvaa kofia ngumu. Nimekubali, ila nimemwambia sitaanzia huko. Habari ya kofia mmeshaisikia kwa trafiki, redioni na kwenye mabango ya barabarani, na mnaweza kuisema kwa moyo bila kunihitaji mimi. Mimi ni mkufunzi wa anatomia katika chuo cha uuguzi. Kazi yangu ni kuwaonyesha wanafunzi kitu fulani kimekaa wapi mwilini na kinafanya nini. Basi leo nitawaonyesha kinacholindwa, ya kofia yatafuata.

Sababu nyingine imetoka kwenu kina mama. Kila nikizungumza na familia za majeruhi nasikia lalamiko lilelile: mwanangu alianguka, akalazwa, akaruhusiwa, kidonda kimefunga, lakini aliyerudi nyumbani siye niliyemlea. Anafoka kwa jambo dogo. Anatumwa chumvi anarudi mikono mitupu, hakumbuki alitumwa nini. Saa sita mchana bado amelala. Kisha mtaa unaanza kutoa majibu: amelogwa, amejifunza bangi, amekuwa mvivu, ana kiburi. Nimekuja kuwaambia kwamba mara nyingi jibu liko ndani ya fuvu. Ubongo una sehemu, kila sehemu ina kazi yake, na ajali ikiharibu sehemu inaondoka na kazi ya sehemu ile.

Tuanzie nje tuingie ndani. Shika kichwa chako. Ngozi ya kichwa ina damu nyingi sana, ndiyo maana mkato mdogo wa kichwani unaweza kulowesha shati zima na kuwatisha watu, wakati hatari yenyewe ni ndogo. Kinyume chake pia ni kweli, nanyi mnakikosea zaidi hicho: mtu asiye na tone la damu nje anaweza kuwa anakufa ndani.

Chini ya ngozi kuna fuvu. Sehemu inayofunika ubongo imeundwa na mifupa 8 iliyoshikana kwa mishono. Mtoto mchanga mishono hiyo bado haijafunga, na ndiyo maana utosi wake unapwita. Kwa mtu mzima imefunga kabisa, na hilo lina gharama yake ambayo nitaieleza. Unene wa fuvu haulingani kila mahali. Kisogoni mfupa ni mnene. Sasa weka kidole kwenye panja, hapa mbele ya sikio na juu kidogo. Hapo mfupa ni mwembamba kuliko sehemu nyingi, na kwa ndani umepitiwa na mshipa wa damu, tena mshipa wa ateri wenye nguvu, uliolala kwenye mfereji wake juu ya mfupa wenyewe. Mfupa ukivunjika hapo, mshipa unaweza kuchanika.

Hebu tukae kidogo kwenye panja, maana hapa ndipo panapotokea kisa ambacho kila kijiwe kina chake. Kijana ameanguka, amepoteza fahamu dakika chache, akazinduka. Akasimama, akajipangusa vumbi, akasema niko fiti. Wenzake wakacheka naye, akanyanyua pikipiki, akaenda nyumbani. Jioni kichwa kinauma, anatapika, anasema ana usingizi. Mama anamwambia lala mwanangu upumzike. Asubuhi hamki. Watu wanasema alirushiwa kitu usiku. Hapana. Mshipa wa panja ulikuwa unavuja tangu mchana, damu ikawa inajikusanya kati ya mfupa na utando, ikiusukuma ubongo polepole. Wakati bonge la damu ni dogo, ubongo ulivumilia na kijana akaongea vizuri. Lilipokua, nafasi ikaisha.

Hapo ndipo ilipo gharama niliyoitaja. Fuvu halitanuki. Mguu ukivimba, ngozi inanyooka. Ubongo ukivimba au damu ikijaa, hakuna pa kwenda isipokuwa chini, kwenye tundu kubwa lililo kwenye sakafu ya fuvu, panapopita shina la ubongo kwenda uti wa mgongo. Ubongo unaposukumwa kuelekea huko, kwanza unabana neva inayoongoza mboni ya jicho. Mboni ya upande mmoja inapanuka, na ukiimulika kwa tochi haijikunji. Ukiona mboni moja ni kubwa kuliko mwenzake baada ya mtu kuanguka, usingoje kupambazuke. Pale hospitali daktari mpasuaji atatoboa fuvu, atatoa damu ile, na mtu aliyekuwa anakata roho anaweza kurudi nyumbani kwa miguu yake.

Kufungua fuvu si jambo la juzi, wala si la Wazungu peke yao. Kwa jirani zetu wa Kenya, Abagusii walikuwa na mafundi wa kupasua kichwa, na kazi yao iliendelea hadi ndani ya karne ya 20, madaktari wa hospitali wakaishuhudia na kuiandika. Mtu aliyepigwa kichwani, miezi ikapita maumivu hayamwachi, alipelekwa kwa fundi. Ngozi ikapasuliwa, mfupa ukakwanguliwa kidogo kidogo hadi kipande kikatoka. Fundi alijua aishie wapi: utando wa chini ya mfupa haukutakiwa kuguswa. Wapo waliopona na kuendelea na maisha. Simtumi mtu huko leo, jamani, tuna picha za CT na dawa za ganzi. Nataka tu mjue kwamba kuna wazee wa ukanda huu walioujua mpaka ule kwa mikono yao.

Utando ule ni wa kwanza kati ya tatu. Wa nje ni mgumu, unakaribia ugumu wa ngozi iliyotengenezwa. Wa kati ni mwembamba, una nyuzinyuzi kama za buibui. Wa ndani umeushika ubongo wenyewe na kuingia nao kwenye kila mkunjo. Vijidudu vikiingia kwenye tando hizi ndipo tunapopata ile homa ya uti wa mgongo inayokakamaza shingo. Na wazee wangu, msidhani panja na bodaboda ni habari ya vijana tu. Kadiri umri unavyokwenda, ubongo unasinyaa kidogo, na vijishipa vinavyopita kati ya ubongo na utando mgumu vinavutika. Mzee anajigonga kwenye kizingiti cha mlango, anasahau. Wiki kadhaa baadaye anaanza kuchanganya majina ya wajukuu na kuburuta mguu. Watu wanasema uzee. Pengine ni damu inayovuja taratibu, na inatolewa.

Kati ya utando wa kati na wa ndani kuna maji safi, maangavu. Kwa wakati mmoja yanakuwa kama mililita 150, lakini mwili unatengeneza takriban nusu lita kila siku, mengine yanafyonzwa kurudi kwenye damu. Yanatengenezwa ndani kabisa, kwenye vyumba vinne vilivyo katikati ya ubongo, yanapita kwenye njia nyembamba, yanatokea nje na kuuzunguka. Njia ikiziba kwa mtoto mchanga ambaye mishono ya fuvu haijafunga, maji yanarundikana na kichwa kinatanuka. Hawa ndio watoto wenye vichwa vikubwa mnaowaona, na wale mama wanaofungiwa ndani kwa aibu. Hakuna laana hapo, ni njia ya maji. Pale Mbale, Uganda, mwanzoni mwa karne hii, daktari mpasuaji Benjamin Warf aliboresha upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya ndani ya ubongo wenyewe na kupunguza tishu inayoyatengeneza, ili watoto wengi wasihitaji kuwekewa mpira wa kudumu wa kutolea maji. Njia hiyo iliyokomaa Mbale ikaenda kufundisha hospitali za Marekani. Nalisema hilo kwa majivuno kabisa.

Kwa dereva, maji haya yana kazi nyingine. Ubongo wa mtu mzima una kilo 1.3 hadi 1.4 hivi, na ni laini kama mtindi uliogandia kwenye kibuyu. Ungekaa juu ya mfupa mkavu ungejiponda kwa uzito wake wenyewe. Ndani ya maji unaelea, na uzito wake unakuwa kama gramu 50 tu. Ukitembea, ukiruka, ukipita matuta, maji yanaubeba. Lakini pikipiki iliyokuwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa ikigonga gari lililosimama, kichwa kinasimama ghafla na ubongo unaendelea mbele. Unajipiga kwenye mfupa, kisha unarudi na kujipiga upande wa pili. Ndiyo maana mtu anaweza kuangukia kisogo na jeraha likawa mbele. Na huko mbele, juu ya matundu ya macho, sakafu ya fuvu kwa ndani ina mabonde na kingo za mfupa. Ubongo wa mbele unasuguliwa juu ya kingo hizo.

Hapohapo juu ya pua kuna kipande cha mfupa chenye vitundu vidogo kama chekeche, na nyuzi za kunusia zinapita humo. Ubongo ukirushwa, nyuzi zile zinakatika. Sasa sikilizeni, wake wa madereva. Mume ametoka hospitali, kila unachopika anasema hakina ladha. Wiki ya kwanza unavumilia, wiki ya tatu unahisi ameonja kwingine. Mwulize kwanza kama ananusa. Mnusishe karafuu. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu, na harufu yake huenda ilibaki pale kwenye lami. Nyumba zimevunjika kwa nyuzi zile.

Ukiuona ubongo wenyewe, kitu cha kwanza kinachoshangaza ni mikunjo. Tabaka la juu, la kijivu, lina unene wa milimita 2 hadi 4 tu, lakini limekunjwakunjwa kiasi kwamba theluthi mbili yake imejificha ndani ya mifereji. Kwenye tabaka hilo ndiko kuliko na sehemu kubwa ya kufikiri, kuona, kusikia na kutaka. Chini yake kuna nyuzi nyeupe zinazounganisha mahali na mahali. Seli za fahamu kwenye ubongo mzima ni kama bilioni 86. Hesabu hiyo aliifanya mwanasayansi wa Brazili, Suzana Herculano-Houzel, na wenzake, wakaichapisha mwaka 2009. Kabla ya hapo watu walikuwa wanasema bilioni 100 kwa kukisia tu. Na kuna lile la mtandaoni kwamba binadamu anatumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Ni uongo. Ungekuwa kweli, majeruhi tisa kati ya kumi wasingepoteza chochote. Mimi sijaona eneo la ubongo ambalo ukilipiga nyundo mwenyewe asigundue.

Ubongo mkubwa una nusu mbili, zimeunganishwa katikati na daraja nene la nyuzi. Nusu ya kushoto inaongoza mkono na mguu wa kulia, na ya kulia inaongoza vya kushoto, kwa sababu nyuzi za amri zinavuka upande kule chini, kabla ya kuingia kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo mtu aliyeumia kushoto akishindwa kuinua mkono wa kulia, msiseme daktari amekosea upande.

Kila nusu ina sehemu nne. Ya kisogoni inaona. Jicho linapokea mwanga, lakini kuona kunafanyika nyuma kabisa, na mtu anaweza kuwa na macho mazima asione. Ya juu katikati inapokea mguso, inajua mkono wako uko wapi hata gizani, na inapima umbali. Huko ndiko unakojua kama upana wa pikipiki na vioo vyake utapenya kati ya daladala mbili. Ya pembeni, nyuma ya masikio, inasikia.

Ndani ya hiyo ya pembeni, kulia na kushoto, kuna kiungo kidogo kilichojikunja kinachoingiza kumbukumbu mpya. Tulikijua vizuri kwa msiba wa mtu mmoja. Mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, Henry Molaison, kijana wa miaka 27 mwenye kifafa kikali, alifanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu hizo pande zote mbili. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku ile hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kukumbuka jambo jipya kwa zaidi ya muda mfupi. Alizungumza vizuri, akili yake ilipimwa na kukutwa sawa, ila ukitoka chumbani ukarudi, anakusalimu upya. Mwanasaikolojia Brenda Milner akamfundisha kuchora akitazama kwenye kioo. Kila siku Henry alifanya vizuri zaidi, na kila siku aliapa hajawahi kuifanya kazi ile. Maana yake mazoea ya mikono yanahifadhiwa kwingine. Kwa hiyo dereva aliyeumia anaweza kupanda pikipiki, akakata kona vizuri kabisa, na asikumbuke anampeleka nani wapi. Mkimwona anaendesha vizuri msihitimishe kwamba anajifanya kusahau.

Maneno yako kushoto, kwa watu wengi. Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anaweza kutamka silabi moja tu, "tan". Alielewa anachoambiwa, alijibu kwa ishara, alikasirika asipoeleweka. Alipofariki, Broca aliutazama ubongo na kukuta jeraha upande wa kushoto, mbele. Ninyi mnao watu hao mitaani, waliopata ajali au kiharusi. Anaelewa kila neno mnalosema, na mnamsema mbele yake kama vile hayupo. Acheni.

Sasa mbele, nyuma ya paji la uso. Hii ndiyo kubwa kuliko zote nne, na ndiyo inayowasumbua kina mama bila kujua jina lake. Huku ndiko mtu anakopanga, anakoanza jambo na kulimaliza, anakojizuia asiseme kila kinachomjia mdomoni. Tarehe 13 Septemba 1848, kule Vermont, Marekani, msimamizi wa vibarua wa reli, Phineas Gage, mwenye miaka 25, alikuwa anashindilia baruti kwenye mwamba. Baruti ililipuka na fimbo ya chuma, urefu mita moja na ushei, uzito wa kilo 6, ikaingia chini ya shavu la kushoto ikatokea utosini. Hakufa. Dakika chache baadaye alikuwa anaongea, akapelekwa mjini ameketi kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Alitembea, alisema, alikumbuka. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu aliyekuwa na akili iliyotulia, mwerevu wa biashara na anayependwa na wafanyakazi, amekuwa wa matusi, kigeugeu, anapanga mambo kumi na kuyaacha yote. Rafiki zake wakasema siye Gage tena.

Mnaona? Ni maneno yaleyale ya kina mama niliyoyataja mwanzoni. Kijana ambaye baada ya ajali anatukana wakubwa, anatumia hesabu ya bosi bila kufikiri kesho, au anakaa kitandani siku nzima kwa sababu kitu cha kumwanzisha kimevunjika, huyo huenda ana jeraha la mbele. Uvivu ni wa mtu anayeweza na hataki. Huyu anataka na hapati pa kuanzia. Ukimwambia "amka, vaa shati hili, twende", anaamka.

Na hapa niwaguse vijana. Sehemu ya mbele ndiyo inayokomaa mwisho. Kuona na kusikia kunakamilika mapema, lakini nyuzi za mbele zinaendelea kujengwa hadi miaka 25 hivi. Wengi wenu hamjafika. Siwatukani, nasema kwamba kile kinachopaswa kukuambia "usimpite lori hilo kwenye kona" bado kiko kwenye matengenezo, na bia mbili zinakidhoofisha zaidi.

Pombe ina mahali pengine inapopenda. Nyuma, chini ya ubongo mkubwa, kuna ubongo mdogo. Uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote, lakini kati ya zile seli bilioni 86, kama bilioni 69 ziko humo. Huo ndio unaolinganisha misuli, unaokufanya usimame kwenye pikipiki iliyopunguza mwendo bila kuweka mguu chini. Trafiki akikwambia utembee kwenye mstari au uguse pua umefumba macho, anaupima huo. Na mkipanda mshikaki, watu watatu kwenye pikipiki moja, mnaupa hesabu ya uzito ambayo inabadilika kila abiria wa nyuma anapogeuka kusalimia watu.

Chini kabisa kuna shina la ubongo, unene wake kama wa kidole gumba. Kupumua, mapigo ya moyo, kumeza, kuwa macho, vyote vinaongozwa hapo. Ukubwa ule hauna akiba. Jeraha dogo linatosha. Kutoka hapo uti unashuka ndani ya shingo. Basi mkimkuta mwenzenu amelala barabarani, msimkunje kumwingiza kwenye bajaji huku kichwa kinaning'inia. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kikiwa kimenyooka na mwili, wengine wambebe kwa pamoja, ikiwezekana juu ya ubao au mlango. Akitapika, mgeuzeni ubavu mzima kama kitu kimoja. Maji maangavu yakitoka puani au sikioni, hayo ndiyo yale maji ya ubongo, fuvu limepasuka chini. Msizibe kwa pamba. Na msimpe maji wala soda, hata akiomba.

Haraka ina sababu. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili na unatumia kama asilimia 20 ya oksijeni. Damu karibu robo tatu ya lita inapanda kila dakika kwa mishipa minne ya shingoni. Ikikatika kabisa, mtu anazimia ndani ya sekunde kama 10, na baada ya dakika tano hivi seli zinaanza kufa. Seli ya ngozi ikifa, nyingine inazaliwa. Ya fahamu ikifa, karibu kila mahali haina mrithi.

Lakini nisiwaache hapo, maana si kweli kwamba aliyeumia ndiyo basi. Seli zilizobaki zinaunda njia mpya, polepole, kwa kurudia. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye kasi, ila maendeleo yanaweza kuendelea kwa miaka. Phineas Gage yule alikwenda Chile, na kwa miaka kadhaa akafanya kazi ya kuendesha magari ya farasi ya abiria: kuamka mapema, kuandaa farasi, kupokea nauli, kushika njia. Kazi yenye utaratibu uleule kila siku ilimpa kile ambacho paji lake lilikuwa limepoteza. Ndiyo dawa ninayowapa familia. Ratiba ileile, jambo moja kwa wakati, orodha ukutani, kelele kidogo, pombe hapana. Akianza degedege miezi baada ya ajali, ni kovu la ubongo linalochokoza seli jirani; kuna vidonge vyake hospitalini, na havichanganywi wala kukatishwa ovyo. Asirudi barabarani kwa sababu tu kidonda kimekauka.

Sasa kofia, kwa ufupi. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja zimeonyesha kwamba kofia inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Inafanyaje? Ganda la nje linasambaza pigo lisikae kwenye nukta moja, hasa pale panjani. Povu gumu la ndani linapondeka, na katika kupondeka linaongeza muda wa kichwa kusimama. Ni nyongeza ya sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini ndiyo inayoamua kama ubongo utajipiga mfupani kwa nguvu au kwa uchache. Povu linapondeka mara moja tu. Kofia uliyoanguka nayo, hata kama inang'aa, imeshamaliza kazi, usimuuzie mwenzio. Isiyo na povu, ile ya ujenzi mnayoiweka kwa ajili ya trafiki, ni ganda tupu. Na isiyofungwa mkanda inatangulia kufika chini peke yake. Abiria anavaa pia, maana fuvu lake halina mifupa zaidi ya yako. Akikwambia atachafua nywele, mweke kitambaa chini, na safari iendelee.

Hapa mezani kuna fuvu la plastiki na kofia niliyoikata katikati kwa msumeno. Vipitisheni, kila mtu aweke kidole panjani kwa ndani na kwenye povu. Tuanze maswali na yule mama wa safu ya pili.